Maji Yakipata Moto, Mzigo Uwe wa Wote

Kila inapofika miezi ya Julai na Agosti, wakati sisi visiwani tumo katika upepo wa Kusi na baridi yake, watu wa jimbo la Montana, kaskazini-magharibi mwa Marekani, huwa katika kilele cha kiangazi chao. Theluji ya milimani imekwisha kuyeyuka, vijito vimepungua, na jua halitui mpaka inapita saa tatu usiku. Ndipo idara ya serikali ya jimbo hilo inayosimamia samaki na wanyamapori hutoa tangazo ambalo wavuvi wa huko wamekwisha kulizoea: kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku, ni marufuku kutia ndoana katika mto fulani au kijito fulani. Sababu si vita wala maradhi ya watu. Sababu ni kwamba maji yamepata moto kupita kiasi anachoweza kukistahimili samaki aitwaye trauti.

Wenyeji huliita tangazo hilo amri ya bundi. Jina limetokana na wakata magogo wa zamani, ambao nyakati za ukavu walianza kazi usiku wa manane na kuiacha kabla ya jua kali, ili cheche za zana zao zisije zikaiwasha misitu. Saa hizo waliokuwa macho ni wao na bundi peke yao. Leo jina limehamia kwa wavuvi, nao hutakiwa wavue mapema na kuondoka mapema.

Wako watakaotuuliza: samaki wa vijito vya baridi vya Marekani watuhusu nini sisi tunaovua changu na pweza? Swali ni la haki, nasi tutalijibu. Lakini kwanza yatupasa tuyaelewe mambo yenyewe, kwani mfano usioeleweka humpotosha anayeufuata.

Trauti ni samaki wa maji ya baridi. Damu yake haina joto lake yenyewe. Hufuata joto la maji aliyomo. Maji yakipata moto mambo mawili hutokea kwa pamoja, na yote mawili ni dhidi yake. La kwanza, maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Lita moja ya maji yenye nyuzi 10 za sentigredi huweza kushika kiasi cha miligramu 11 za oksijeni. Yakifika nyuzi 25 hushika kiasi cha miligramu 8 tu. La pili, mwili wa samaki katika maji hayo hufanya kazi kwa kasi zaidi, na kwa hiyo huhitaji oksijeni nyingi zaidi. Haja inaongezeka wakati ule ule akiba inapopungua. Samaki huyo huacha kula, hutafuta penye kivuli au penye chemchemi, na akikosa hufa.

Kwa msomaji wa visiwani, hesabu hizi zitaonekana ni kichekesho. Montana huchukua hatua maji yanapofika karibu nyuzi 23 kwa siku tatu mfululizo. Kwetu sisi, maji ya nyuzi 23 ni yale yanayomfanya mtoto alie anapoogeshwa asubuhi. Lakini kila kiumbe ameumbiwa kadiri yake, na hekima ya uongozi ni kuijua kadiri ya kila kitu na kutoivuka. Changu angelikufa katika maji yanayompendeza trauti, na trauti angelikufa katika bahari ya Nungwi kabla ya saa kupita.

Sasa tumtazame mvuvi. Wengi wanaovua trauti Montana hawavui kwa ajili ya kitoweo. Humvua samaki kwa ufito na chambo cha bandia, kilichofumwa kwa uzi na nyoya kikafanana na panzi au mdudu wa mtoni, kisha humrudisha majini akiwa hai. Mvuvi wa Wete au wa Mkokotoni atashangaa na kucheka, naye ana ruhusa ya kucheka. Lakini katika desturi hiyo limo jambo la kuzingatia. Samaki aliyepigana na mshipi kwa dakika kadhaa ni kama mtu aliyekimbia mbio ndefu. Katika maji ya baridi atatulia na kuishi. Katika maji ya moto huenda akaogelea akaenda zake, mvuvi akadhani ametenda wema, kumbe samaki anakwenda kufa mbele. Kurudisha samaki kwa namna hiyo hakuna maana yoyote.

Kwa hiyo wavuvi waangalifu wa huko hubeba kipimajoto mfukoni. Maji yakifika nyuzi 20 hukunja mshipi hata kabla serikali haijasema neno. Huanza alfajiri, kwani kijito huwa na baridi kuliko wakati mwingine wowote mara baada ya kupambazuka. Hutumia mshipi wenye nguvu ili pambano liwe fupi. Hulowesha mikono kabla ya kumgusa samaki, wala hawamtoi majini bila ya haja. Na hujiepusha na kosa linalowadanganya wengi, nalo ni kuvua magharibi. Jua likishuka, hewa huwa nzuri na mtu husema joto limekwisha. La hasha! Maji huchukua joto polepole na huliacha polepole. Moto wa kijito hufikia kilele chake alasiri na kuelekea jioni, na huendelea mpaka usiku. Ndiyo maana amri huanza saa nane mchana na haimaliziki mpaka saa sita usiku.

Lipo kosa jingine lililo baya zaidi. Maji yanapopata moto, samaki wa mto mzima hukusanyika mahali padogo penye maji ya baridi: kwenye mdomo wa kijito kinachotoka mlimani, au penye chemchemi inayobubujika chini. Asiye na huruma huona hiyo ni bahati yake. Lakini sisi watu wa pwani tunakijua kidimbwi kinachobaki mwambani maji yanapokupwa, na tunajua kwamba atakayekikausha leo hana atakachokikuta kesho. Samaki aliyejificha ili aokoe roho yake si wa kuvuliwa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha makala yetu. Amri ya saa nane ni nzuri, nasi tunaiunga mkono. Lakini amri hiyo humgusa mvuvi peke yake, na mvuvi siye aliyeyatia maji moto. Basi ni nani?

Tuanze na hali ya hewa, kwani dunia inazidi kupata joto, theluji ya milimani huyeyuka mapema zaidi kuliko zamani, na mto hubaki na kiangazi kirefu cha kujitegemea. Jambo hilo haliwezi kuondolewa na kijiji kimoja wala jimbo moja. Lakini yako mengine yaliyo karibu zaidi na mikono ya watu. Kijito kilichokuwa chembamba, chenye kina na kivuli cha miti, kikikanyagwa na ng'ombe kingo zake hubomoka, kikawa kipana na chenye maji ya kufika kifundo cha mguu. Maji mapana yasiyo na kina wala kivuli hupata moto kama maji ya sinia lililoachwa uani. Na mfereji wa mashamba unapoyachukua maji ya kijito Julai, wakati yamekwisha kupungua, yale machache yanayobaki hupashwa na jua hilo hilo kwa haraka zaidi.

Sheria ya maji ya Montana, kama ya majimbo mengi ya magharibi ya Marekani, imejengwa juu ya kanuni kwamba aliyetangulia kuyatumia maji ndiye mwenye haki ya kwanza. Aliyefungua mfereji zaidi ya miaka 100 iliyopita, haki yake humtangulia aliyekuja nyuma yake. Katiba ya jimbo ya mwaka 1972 ilitamka kwamba maji ni mali ya dola kwa matumizi ya watu wake, lakini haki za zamani zilithibitishwa. Samaki hakuwa na mfereji, kwa hiyo kwa muda mrefu hakuwa na nafasi katika foleni. Mwaka 1989 ndipo sheria ilipoiruhusu idara ya samaki kukodi haki ya maji kutoka kwa mwenye shamba na kuyaacha maji hayo yabaki mtoni. Tendo la kuyaacha maji hayo yaende zake likahesabiwa kuwa ni matumizi.

Yaliyotokea mwaka 2016 yaliwaonyesha watu wote gharama ya kuchelewa. Mwezi Agosti mwaka huo, mto Yellowstone ukiwa na maji machache na ya moto, samaki wa jamaa moja na trauti walianza kuelea wakiwa wamekufa, kwa maelfu. Aliyewaua ni kimelea kinachoshambulia figo, nacho hupata nguvu maji yakiwa na joto. Serikali ya jimbo iliufunga mto kwa urefu wa maili 183, yaani karibu kilomita 295, pamoja na vijito vyake. Haukufungwa kwa wavuvi tu, bali hata kwa wenye mashua na waogeleaji, ili wasikipeleke kimelea hicho kwingine. Waongoza wageni, wenye mashua za kukodisha na wafanyakazi wa nyumba za wageni walikosa riziki katikati ya msimu. Wao hawakuwa wamekausha mto.

Tusije tukadhani kwamba mambo hayo hayana dawa. Katika jimbo la Wisconsin kuna bonde liitwalo Coon Valley. Kufikia mwaka 1933 vilima vya bonde hilo vilikuwa vimelimwa vibaya na kulishiwa ng'ombe kupita kiasi. Mvua ikinyesha, maji yalikimbia juu ya ardhi na kuondoka na udongo. Mvua ikikatika, chemchemi zilidhoofika na vijito vikapata moto. Mwaka huo bonde hilo lilichaguliwa kuwa mahali pa kwanza Marekani pa kujaribu hifadhi ya udongo katika eneo zima la kijito. Mamia ya wakulima walijiunga. Walilima kwa kufuata kontua, wakaiondoa mifugo kwenye miteremko mikali, wakaacha misitu irudi. Maji ya mvua yakaanza kuzama ardhini badala ya kukimbia. Na maji yaliyozama ardhini hutoka katika chemchemi yakiwa na baridi hata Julai. Leo vijito vya sehemu hiyo ni miongoni mwa vijito vya trauti vyenye sifa kubwa, na mvuvi huvikimbilia siku ambazo mito mikubwa haivuliki kwa joto. Baridi ya kijito hicho ilirudishwa na jembe lililolimwa vizuri mlimani, mbali na mahali mvuvi anaposimama.

Mfano wa pili unatoka Montana yenyewe, katika mto Big Hole. Katika ukame wa mwaka 1988 sehemu ya juu ya mto huo ilikauka. Wafugaji walihitaji maji kwa ajili ya majani ya ng'ombe wao. Wavuvi na waongoza wageni walihitaji mto ulio hai. Na mtoni mlikuwamo samaki wa asili, ndugu wa trauti, aliyekwisha kutoweka karibu kila mahali katika eneo hilo. Kila upande ungeliweza kukimbilia mahakamani. Badala yake, mwaka 1995 waliunda kamati ya bonde lao, wakakaa humo wafugaji, wavuvi, waongoza wageni na viongozi wa mitaa. Walikubaliana mapema juu ya viwango: maji yakishuka hadi kipimo hiki, wenye mifereji wapunguze kwa hiari yao, yakishuka zaidi au yakipata moto, uvuvi usimame. Visima vilichimbwa ili ng'ombe wapate maji ya kunywa bila ya mfereji mzima kufunguliwa. Tangu mwaka 2006 wenye ardhi wengi wametia saini mapatano ya kuzungushia uzio kingo za mto na kuacha maji kwa ajili ya samaki, nao wakapewa hakikisho kwamba hawataongezewa mzigo mwingine hapo baadaye.

Hatusemi kwamba huko ni peponi. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba idadi ya trauti katika sehemu za Big Hole na mito jirani ya Beaverhead na Ruby imeshuka hadi viwango vya chini kabisa vilivyopata kurekodiwa. Kamati haiwezi kuamuru mvua inyeshe wala joto la dunia lishuke. Lakini tofauti ipo baina ya jamii inayokutwa na msiba ikiwa imekaa pamoja na ile inayokutwa ikigombana.

Na jambo hili limekwisha fika Afrika Mashariki. Trauti si samaki wa asili wa bara letu. Aliletwa na walowezi waliotaka kuvua kama walivyovua kwao. Mwaka 1905 Ewart Grogan alimpandikiza katika mto Gura, katika milima ya Aberdare nchini Kenya. Huyo samaki wa walowezi bado yumo katika vijito vya Aberdare na vya Mlima Kenya, na mtu anaweza kusema akifa afe. Lakini vijito vile vile vinavyomlea trauti mlimani ndivyo vinavyowanywesha watu na mifugo ya bondeni. Kiangazi kinapokaza na mashamba ya juu yanapoyavuta maji, mito kama Naro Moru na Nanyuki hupungua mno, na anayeumia kwanza ni mfugaji wa chini kabisa, kando ya Ewaso Ng'iro. Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2002 ilizitambua jumuiya za watumiaji wa maji, ambamo wa juu na wa chini hukaa meza moja. Hilo ni jambo jema, kwa kuwa wa juu asipomwona wa chini huyasahau mahitaji yake.

Sasa turudi nyumbani. Sisi hatuna trauti, lakini maji yanayopata moto tunayo. Akina mama wa Paje, Jambiani na vijiji vya Pemba wanalijua jambo hili kuliko ofisi yoyote. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Unguja mwaka 1989, na mwani wenye bei nzuri, ule wa kotonii, ulistawi katika maji mafupi. Miaka ilivyokwenda maji hayo yakazidi joto, mwani ule ukaugua na kufa, na wakulima wengi wakabaki na ule wa bei ndogo. Dawa inayojulikana ni kuupeleka mwani katika maji ya kina. Lakini kina kinataka chombo na kujua kuogelea, na mwanamke asiye na chombo humwambii ahamie kina kisha ukaondoka. Hapo pia mzigo umemwangukia asiyeutengeneza.

Hali kadhalika, tunayo mazoea mema ya kufunga. Wavuvi wa Kisiwa Panza, Pemba, wamepata kuufunga mwamba wa pweza kwa muda waliokubaliana, kisha wakaufungua na kukuta pweza wamekua. Hakuna aliyehitaji kufundishwa na Montana kwamba kuacha leo ni kupata kesho. Tunachoweza kujifunza ni namna ya kufunga kwa haki, na hapo tunasema na ndugu zetu watumishi wa serikali.

Kwanza, kipimo kitangulie amri. Mvuvi wa Montana analitii tangazo kwa sababu kiwango chake kinajulikana kabla ya kiangazi kuanza, na yeye mwenyewe anaweza kutumbukiza kipimajoto akahakikisha. Amri ambayo sababu yake imefungiwa kabatini huzaa manung'uniko, na manung'uniko huzaa uvuvi wa usiku.

Pili, amri iwe na mwisho unaojulikana. Maji yakipoa, mto hufunguliwa. Marufuku yanayobaki baada ya sababu yake kuondoka hugeuka kuwa mazoea ya ofisi, na watu huacha kuyaheshimu, hata yale yenye maana.

Tatu, na hili ndilo kubwa, asifungiwe mwenye ndoana peke yake wakati mwenye mfereji amelala. Tukimwambia mvuvi asiingie mwambani, basi tumwulize pia aliyekata mikoko, aliyechimba mchanga wa ufukweni na aliyejenga jengo lake likamwaga maji machafu baharini. Usawa wa mzigo haumaanishi kila mtu abebe kiasi kile kile, bali kila mtu abebe kwa kadiri ya alichokitumia na alichokiharibu.

Nne, anayeacha riziki yake kwa manufaa ya wote asiachwe mkono. Mfugaji wa Big Hole alichimbiwa kisima ndipo akafunga mfereji. Sisi nasi tukitaka mtu aache, tumwonyeshe mahali pa kushika.

Kiangazi kijacho amri ya bundi itatangazwa tena Montana, na wavuvi watakunja mishipi yao saa nane mchana. Wengi watatii bila ya kusukumwa, kwa kuwa wamekiona kipimo na wanamwona jirani yao akifunga mfereji wake. Shehia zetu, kamati zetu za wavuvi na maofisi yetu yajiulize, kabla ya Kaskazi nyingine kuingia na maji kupata moto: mvuvi wa diko letu, tutakapomwambia aache, atamwona nani mwingine akiacha?